Jinsi ya kumsaidia mtu wako aache pombe bila kumuua: mwongozo kamili kwa familia za Nairobi

Naanza na kosa letu wenyewe, juu ndilo lilinifanya nijifunze haya yote. Kaka yangu mkubwa ni fundi wa magari Grogan, mtu anasikiza injini dakika moja anakuambia shida iko wapi, na kwa miaka karibu tisa alikuwa anakunywa kila siku. Ilianza na bia mbili baada ya kazi, ikawa kota (ile chupa ndogo ya pombe kali), halafu ikawa kota ya asubuhi kabla hajashika spana, juu bila hiyo mikono inatetemeka mpaka nati haiingii. Tulivyochoka kama familia mama akapanda basi kutoka ushago, tukakaa, tukalia, tukaamua tumfungie kwa nyumba Kayole siku tatu, maombi na uji, simu tukachukua, funguo nikaweka mfukoni mimi mwenyewe. Hiyo ilikuwa Ijumaa jioni. Jumamosi jioni analowa jasho kama mtu wa malaria. Usiku akaanza kutoa panya kwa blanketi na hakukuwa na panya. Jumapili kabla kupambazuke akakakamaa, macho yakageuka, povu, akaanguka chini ya meza mama akiwa ameshika rozari.

Jirani mmoja akasema ni kifafa, mwingine akasema ni mapepo yanatoka, tusiyazuie. Kliniki ya kwanza tuliyofika walinusa, wakasema huyu ni mlevi, rudini naye akalale. Hospitali ya pili daktari kijana aliuliza swali moja kabla hata hajamgusa: "Mara ya mwisho alikunywa lini, na alikunywa nini?" Tukamwambia Ijumaa. Akasema basi si pombe iliyomwangusha, ni kukosa pombe. Miaka tisa tumeishi na mlevi na hakuna mtu aliwahi kutuambia kwamba mtu aliyezoea pombe nyingi kila siku akikatiwa ghafla anaweza kufa. Kwa hivyo kama uko na mtu wako nyumbani na mmepanga kumfungia wikendi hii, tafadhali soma hii kwanza mpaka mwisho.

Hatua ya kwanza: hesabu anakunywa kiasi gani, kwa ukweli

Usiulize "unakunywa sana?" kila mtu atakuambia "kiasi tu". Hesabu. Madaktari wanapima kwa kipimo cha gramu 10 za pombe tupu. Bia moja ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani hiyo bia moja ni vipimo viwili tayari. Kota ya pombe kali, ile mililita 250 ya asilimia 40, ina karibu gramu 79, yaani ni kama bia nne. Mzinga wa mililita 750 ni kama bia kumi na mbili. Kwa hivyo yule anayesema "mimi sinywi sana, ni kota tu jioni na ingine asubuhi" anakunywa bia nane kwa siku, kila siku, na ini lake linajua hata kama yeye hajui. Chang'aa hapo huwezi kuhesabu kabisa juu hakuna anayepima nguvu yake, leo inakuja nyepesi kesho inakuja ya kuwaka moto.

Halafu angalia dalili ambazo kwangu mimi ni muhimu kuliko hiyo hesabu. Je, asubuhi anatetemeka, anatapika hewa, anatoka jasho, halafu akipiga kidogo anatulia? Watu wanaita kutoa loki na wanacheka, lakini hiyo ndiyo ishara kubwa kwamba mwili umeshafungwa. Je, ameshawahi kukaa siku moja bila pombe akaona au kusikia vitu havipo? Ameshawahi kuanguka kifafa? Anaamka usiku kunywa ndio alale? Kama jibu ni ndiyo kwa hata moja ya hizi, huyo si mtu wa kuachishwa nyumbani. Na kama aliwahi kuacha kwa shida kali halafu akarudia, jua kwamba kuacha kwa mara ya pili na ya tatu kunaweza kuja na shida kali zaidi ya mara ya kwanza, ubongo unakumbuka.

Kama ni mtu wa bia tatu nne Ijumaa na Jumamosi na katikati ya wiki yuko sawa, huyo anaweza kuacha leo hii bila hatari ya aina hiyo, asitafute kisingizio kwa haya ninayosema.

Hatua ya pili: elewa kwa nini kukata ghafla kunaua

Mimi nilielewa siku daktari aliongea lugha ya kaka, lugha ya magari. Pombe ni hendibreki. Inatuliza ubongo, inaupunguza mwendo. Sasa mtu akitembea na hendibreki imevutwa kila siku kwa miaka, ubongo nao unajifunza kukanyaga mafuta zaidi na zaidi ndio gari lisonge. Siku mnaachilia hendibreki kwa mara moja, mguu bado uko kwa mafuta mpaka chini. Gari linaruka. Huko kuruka ndiko kutetemeka, moyo kwenda mbio, presha kupanda, kifafa, na mwisho akili kuvurugika kabisa.

Saa zenyewe zinaenda hivi, na mziweke kichwani. Kuanzia saa sita mpaka kumi na mbili hivi tangu kinywaji cha mwisho, anaanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu, wasiwasi, usingizi unapotea. Ndani ya siku ya kwanza wengine wanaanza kuona au kusikia vitu. Kifafa kinaweza kuja wakati wowote kati ya saa sita na saa arobaini na nane. Halafu kuna ile mbaya zaidi ya zote, inakuja siku ya pili mpaka ya tano wakati nyinyi mnadhani ameshapona: anachanganyikiwa hajui yuko wapi, joto linapanda, anapigana na watu hawapo, moyo unaenda kasi hatari. Hiyo bila matibabu inaua watu wengi, ikitibiwa mapema wengi sana wanapona. Tofauti hapo ni wodi na dawa tu. Sisi tulikuwa tunasema "akivuka leo amevuka" siku ya pili, kumbe siku ya pili ndiyo mlango wenyewe.

Kitu kingine hakuna anayekuambia: mtu wa kunywa bila kula anaishiwa na vitamini B1, na ubongo hauwezi kufanya kazi bila hiyo. Dalili zake ni kuchanganyikiwa, macho kuchezacheza au kuona vitu viwili viwili, na kutembea akiyumba hata kama hajalewa. Watu wanasema "amelewa tena" kumbe ubongo unaharibika, na ikiachwa anabaki hawezi kushika kumbukumbu mpya, unamwambia kitu saa hii, dakika tano amesahau, na hiyo inaweza kuwa ya maisha. Ndio maana hospitalini wanaanza na B1 ya sindano. Na ndio maana nawaomba msikimbilie kumjaza maji ya glukosi nyumbani kama tulivyofanya sisi tukidhani tunampa nguvu. Sukari nyingi kwa mwili usio na B1 inaweza kuharakisha hiyo shida. Uji sawa, chakula sawa, glukosi waachieni hospitali.

Hatua ya tatu: ongea naye, na uchague saa

Usiongee naye akiwa amelewa, hata akilia, hata akiapa. Na usiongee saa ile anatetemeka bado hajatoa loki, juu hiyo saa kichwa chake kinatafuta kitu kimoja tu. Kwetu ilikuwa saa nne hivi asubuhi, amepiga kidogo, mikono imetulia, bado hajazama. Mtu mmoja aongee, si baraza la ukoo. Tulipokuja watu kumi na mchungaji alijiona yuko kortini.

Nilimwambia, "Kaka, mimi sijakuja kukuuliza kwa nini unakunywa. Nimekuja kukuuliza asubuhi unajisikia aje." Alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Mdogo wangu, asubuhi naogopa." Miaka tisa, na hilo ndilo neno la kwanza la ukweli tulipata. Sikumwambia aache. Nilimwambia twende tupimwe tu, ini na presha, na nitakuwa naye foleni. Mtu akisikia "rehabu miezi mitatu" anakimbia, akisikia "twende tupimwe kesho, nitakulipia matatu" anaweza kuja.

Mke au mama akiongea, aongee juu ya kitu alichoona kwa macho: ulianguka kwa ngazi Jumanne, mtoto alikuona. Asiongee juu ya tabia, "wewe ni mlevi, umeniharibia maisha", hata kama ni kweli, na mara nyingi ni kweli.

Na kama kuna kipigo kwa nyumba, hatua ya kwanza ni wewe na watoto kuwa mahali salama, hayo mengine yatafuata baadaye.

Hatua ya nne: siku ya kwenda, na kwenda wapi

Hapa ndipo watu wanakosea kwa nia nzuri. Msimnyime pombe usiku wa kuamkia hospitali ili "afike akiwa safi". Kama ni mtu wa kutetemeka asubuhi, mwache anywe kidogo kile cha kumtoa mtetemeko, kitu kilichofungwa chenye lebo na si chang'aa, halafu muende mapema. Najua mama atauma meno. Mama yetu alikataa kabisa kununua, tulipompeleka mara ya pili nilinunua mimi, na sijutii. Msijaribu nyinyi kumpunguzia kwa vijiko kwa wiki nzima bila mpango wa daktari, lakini msikate ghafla pia.

Pa kuanzia bure ni simu. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana namba 1192, hulipi, unaweza kupiga wewe mwenye mgonjwa hata kama yeye hajui, na unaweza kupiga usiku. Waulize kituo gani karibu kinaweza kumwachisha pombe chini ya daktari. Rudia hayo maneno, chini ya daktari, juu kuna vituo vingi hapa Nairobi na pembeni, Kiambu, Ngong, Kitengela, na vingine ni nyumba tu imezungushiwa ukuta, mnalipa, wanamfungia kama mlivyotaka kumfungia nyinyi. Kituo kizuri kinapaswa kuwa kimeidhinishwa na NACADA, na wewe una haki ya kuuliza maswali haya mlangoni: daktari au muuguzi yuko usiku? Mkipata mtu ameanguka kifafa mnafanya nini? Mnampa B1? Naweza kumtembelea? Kama wanakwambia "sisi tunatumia nidhamu", geuza.

Mathari pale Thika Road ni hospitali ya serikali ya magonjwa ya akili na wanatibu watu wa pombe na dawa za kulevya. Najua jina linaogopesha, watu wanasema "mnampeleka Mathari, kwani ni mwendawazimu?" Acha waseme. Kama ni dharura mpeleke hospitali kubwa yoyote iliyo karibu, usivuke jiji na mtu anaanguka kifafa ndani ya probox. Beba kitambulisho chake, hakikisha amesajiliwa SHA (bima ya afya ya serikali, ndiyo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024), na uulize kaunta kabla ya kulazwa ni nini kinalipiwa na nini mnatoa mfukoni.

Mkifika semeni haraka na kwa sauti: anakunywa kila siku, kiasi fulani, miaka fulani, mara ya mwisho ilikuwa saa fulani, aliwahi au hakuwahi kuanguka kifafa. Usione aibu. Ile aibu yetu ya kunong'ona kwa kaunta ndiyo ilitufukuzisha ile kliniki ya kwanza. Kama wanasema akalale, uliza: "Daktari, hii haiwezi kuwa ni ya kukosa pombe?" Hilo swali linabadilisha mazungumzo, niamini.

Kinachofanyika wodini

Wanampa dawa ya kutuliza ubongo, mara nyingi diazepamu au ndugu zake, wanaanza na kiwango cha kutosha halafu wanapunguza siku hadi siku, mpaka mguu utoke kwa mafuta polepole. Kwa wengi ni siku tano mpaka saba hivi. Hizo dawa usinunue kwa duka la mtaani umpe mwenyewe. Zikichanganyika na pombe zinaweza kuzima pumzi mtu akiwa amelala, na zenyewe zinamfunga mtu vilevile.

Omba wampime ini, presha, sukari, na kama anakohoa zaidi ya wiki mbili, kifua kikuu pia, juu pombe nyingi inashusha kinga na inaongeza hatari ya TB. Kuhusu ini nitasema kitu cha kutia moyo: hatua ya kwanza ni mafuta kwenye ini, na hiyo ikigunduliwa mapema mtu akiacha kabisa linaweza kurudi sawa ndani ya wiki chache. Ikifika kovu, yaani ini limekuwa gumu, tumbo linajaa maji, macho njano, anatapika damu, hapo hairudi nyuma, lakini hata hapo kuacha kunamuongezea miaka. Kuna na saratani: ya mdomo, koo, umio, ini, utumbo mpana, na kwa wanawake matiti. Shirika la Afya Duniani walisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Na yule anayekunywa huku anavuta sigara, hatari ya koo na umio haijumlishwi, inazidishwa. Kaka alikuwa na zote mbili.

Akianguka kabla hamjafika: fanya hivi

Kifafa: sukuma meza na viti mbali, mlaze kwa ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, fungua kola, angalia saa. Usimshike kwa nguvu, usimwekee kijiko mdomoni (sisi tuliweka, tukamvunja jino), usimmwagie maji, usimnyweshe kitu. Kikizidi dakika tano au kikija cha pili ni hatari kubwa. Lakini hata kikiisha kwa dakika moja akaamka akaomba chai, hospitali ni lazima siku hiyo hiyo. Piga 999 au 112, Msalaba Mwekundu wako kwa 1199. Kama ambulensi inachelewa, na mtaani kwetu inachelewa, tafuta gari, mbebeni kwa ubavu.

Pombe ya sumu: hii ni tofauti na inabidi muijue, juu inakuja kama mvua, mtaa mzima kwa mara moja. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa hapa hapa Nairobi, Mukuru, kwa pombe iliyokuwa na methanoli (aina ya pombe ya viwandani yenye sumu). Mei 2014 makumi walikufa Embu, Kiambu na kaunti zingine kwa siku chache tu. Februari 2024 ikarudi Kirinyaga. Methanoli haina harufu tofauti wala ladha utakayoijua, na ubaya wake unachelewa, anaweza kulala vizuri akaamka kesho yake, saa kumi na mbili au ishirini na nne baadaye, anasema macho yana ukungu, kichwa kinapasuka, tumbo linauma, anapumua haraka haraka. Mwili unaigeuza methanoli kuwa asidi inayokata mshipa wa macho. Ukisikia mtu aliyekunywa jana anasema "mbona giza, washeni taa" na taa imewaka, usimwambie alale ipungue. Kimbia. Hospitali wana njia za kuizuia isigeuke na za kusafisha damu kwa mashine, na kila saa ina maana. Chukua chupa au hata jina la pahali alikunywa, halafu nenda ukawaamshe wale alikunywa nao, mlango kwa mlango, hata kama ni saa nane usiku.

Kama si pombe, au si pombe peke yake

Hapa nitapita haraka lakini ni muhimu kujua ni kipi kinaua mtu akiacha na kipi hakiui.

Bugizi (vidonge vya kutuliza, jamii ya diazepamu) na vidonge vingi vya usingizi ni kama pombe: ukikata ghafla baada ya kuzoea, kifafa kinaweza kuja. Daktari tu.

Heroini, arosto yake ni mateso, kuhara, kutapika, mifupa kuuma, baridi kali, lakini kwa mtu mzima mwenye afya mara chache inaua yenyewe ilimradi asikaukiwe maji. Kinachoua ni wiki mbili zijazo. Ametoka kituoni au jela, mwili umesahau, anarudia kipimo chake cha zamani, pumzi inakatika. Kwa hiyo kumfungia mtu wa heroini siku kumi halafu kumwachilia bila mpango ni hatari kuliko kumwacha. Kuna matibabu ya metadoni (dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini), yalianza Mathari mwishoni mwa 2014, na Ngara pia kuna kliniki. Anakunywa dozi yake kila siku mbele ya muuguzi, anarudi kazini. Watu wanasema ni kubadilisha sumu kwa sumu. Mimi nimeona kijana wa base ya kwetu akirudi kuwa konda mwaminifu kwa hiyo dozi, na sitakubali hayo maneno.

Miraa na muguka, akiacha atalala sana, atakuwa na hasira na ndoto mbaya siku kadhaa, basi. Shida yake ni mnyororo: anatafuna usiku mzima, handasi inapanda, asubuhi hawezi kulala, anatafuta pombe imshushe. Baadhi ya walevi wa asubuhi mtaani wanaanzia kwa jaba, yaani miraa, kwa hivyo ukiondoa pombe ukaacha muguka umeacha mlango wazi.

Sigara unaweza kuacha leo ghafla bila hatari, ni hasira, njaa na usingizi mbovu tu, kilele siku tatu za kwanza. Ndani ya siku moja ile hewa chafu ya kaboni kwenye damu inashuka kuwa ya kawaida, mwaka mmoja ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo imepungua nusu. Shisha usidanganywe na maji na harufu ya matunda, mtu kwa kikao kimoja cha saa moja anaweza kuvuta moshi wa zaidi ya sigara 100. Serikali iliipiga marufuku Desemba 2017, na bado utaikuta.

Bangi haimuui akiacha, lakini kijana akianza kusikia sauti au kuhisi kila mtu anamfuata, mpeleke Mathari au kliniki ya akili mapema, usingoje aache kwanza.

Hatua ya mwisho: akirudi nyumbani

Kutoa pombe mwilini ni wiki moja. Kubaki bila hiyo ndiyo kazi, na miezi mitatu ya kwanza ndiyo telezi.

Muulize daktari kuhusu dawa za kupunguza hamu, ziko, kama naltreksoni, na si watu wengi wanaambiwa. Kuna pia ile inayomfanya mtu awe mgonjwa sana akinywa, disulfiramu. Hiyo inafanya kazi kwa mtu aliyekubali, anayejua anachomeza. Nimesikia wake na mama wakishauriana kuiweka kwa chai au ugali bila mzee kujua, na zile poda za "dawa ya kuacha pombe" zinazobandikwa kwa nguzo za stima huenda zina hiyo au kitu kibaya zaidi. Msifanye hivyo. Mtu asiyejua atakunywa kama kawaida, presha inaanguka, moyo unaweza kusimama, na mtakuwa mmemuua kwa upendo.

Pesa. Kaka alikuwa analipwa kwa mkono kila jioni, na kati ya Grogan na steji kuna vilabu sikumbuki vingapi. Tulikubaliana, yeye ndiye alisema, kwamba wateja wamtumie kwa simu na mke wake awe na namba ya siri. Akabadilisha pia steji. Mtu wa kazi ya mjengo, ya boda, ya gereji, usimwambie abadilishe marafiki, hao ndio wanampa kazi. Mwambie mmoja tu kati yao, yule mwenye roho, kwamba huyu yuko kwa dawa asimnunulie. Huyo mmoja anatosha kuzima kumi.

Chakula saa zake, hasa saa kumi na moja jioni, juu njaa na kiu ya pombe zinafanana sana. Chai ya maziwa na mandazi saa ile alikuwa anaingia kilabu imeokoa jioni nyingi kwetu. Usingizi utakuwa mbovu wiki kadhaa, mwambie mapema asidhani ameharibika.

Mikutano ya AA (watu wanaosaidiana kuacha pombe) iko Nairobi, bure, na kuna ya familia pia, wewe uende hata kama yeye hataki. Mama yetu alienda mara moja kwa kulazimishwa, akarudi akiwa amenyooka mgongo, akasema kumbe si yeye alimlea vibaya.

Na atateleza. Wengi wanateleza kabla hawajasimama, kaka aliteleza mwezi wa nne, siku ya mazishi ya rafiki yake. Alirudi usiku ananuka, akasimama mlangoni hajui aingie au asiingie. Mama akamwambia tu, "Ingia baba, ule." Hakuna kesi usiku huo. Asubuhi tukauliza amekunywa siku ngapi mfululizo. Kama ni siku moja, anaacha hapo hapo na kesho anaenda kwa mshauri wake. Kama ni wiki nzima kila siku na mtetemeko umerudi, mnarudi hatua ya nne, hospitali, si kumfungia.

Nyuma ya mlango wetu kuna karatasi mama aliandika kwa kalamu nyekundu, na nawaomba muandike yenu leo kabla hamjasahau. Juu kabisa namba 1192, 1199, 999. Chini namba ya jirani mwenye gari. Chini yake majina ya dawa anazotumia. Na chini kabisa, mistari miwili tunayojaza upya kila ikibidi: alikunywa mwisho lini, na alikunywa nini.